Namna ya kucheza Everybody's Gone to the Rapture kwenye PS4 bila kupotea kijijini

Dunia imekwisha na wewe umebaki. Hakuna bunduki, hakuna adui wa kukimbiza, hakuna pointi. Upo Yaughton, kijiji cha kubuni katika Shropshire ya Uingereza, mwaka ni 1984, na watu wote hawapo. Kazi yako ni kutembea, kusikiliza na kuunganisha nani alikuwa nani na nini kiliwapata. Gemu hili la studio ya The Chinese Room lilitoka kwa PS4 Agosti 2015, likaja kwenye kompyuta Aprili 2016. Maelezo ya vitufe hapa ni ya PS4, mashine ya gemu ya Sony.

Aliyezoea mechi za dakika kumi kibandani hulichoka ndani ya nusu saa. Mara nyingi tatizo liko kwenye mwendo na maandalizi, kwa hiyo tuanzie huko.

1. Pima pedi kabla ya kununua gemu

Matukio makubwa ya hadithi huamshwa kwa kuinamisha pedi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea, kushoto au kulia. Pedi nyingi za kuiga, zile za bei ya kutupa, hazina kihisi cha mwendo ndani, hata kama vitufe vyote vinafanya kazi. Kipimo ni rahisi: fungua kibodi ya PS4 popote pa kuandikia, kisha bonyeza R3, yaani kijiti cha kulia kwa ndani. Sasa inamisha pedi. Kielekezi kikifuata mkono wako, pedi ni nzima. Kikitulia tuli, azima nyingine.

2. Umeme na chumba

PS4 pamoja na televisheni ya inchi 32 hula takriban wati 200, kwa hiyo saa tano zinamaliza uniti moja ya luku. Gharama si kitu. Kinachouma ni umeme kukatika. Gemu hujihifadhi lenyewe pale linapotaka, wewe huchagui, na ukikatikiwa katikati ya barabara utarudishwa nyuma na kuitembea upya. UPS ndogo ya 650VA, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, inakupa dakika chache tu, na hizo zinatosha kutoka kwenye gemu na kuzima mashine kwa utaratibu.

PS4 ikizimika ghafla, ikiwaka itakagua diski yake yenyewe, iache imalize. Ikigoma kuwaka vizuri, izime, shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili (sekunde saba hivi), unganisha pedi kwa waya wa USB, uchague namba 5, "Rebuild Database". Magemu hayafutiki kwa hatua hiyo. Usiguse namba 6 na 7: hizo hufuta kila kitu.

Kwa Dodoma, vumbi la miezi ya kiangazi ni adui wa feni. Usiweke mashine sakafuni wala juu ya zulia. Ipandishe kwenye meza na iachie nafasi nyuma. Feni iliyojaa vumbi hupiga kelele, na kelele hiyo itakufichia sauti ambazo gemu zima linazitegemea. Cheza jioni, au vuta pazia: jua la saa nane likipiga kioo huoni kitu ndani ya nyumba za Yaughton.

3. Sauti

Chomeka spika za masikioni kwenye tundu la pedi. Nenda "Settings", kisha "Devices", kisha "Audio Devices", na chini ya "Output to Headphones" uchague "All Audio". Bila hivyo unaweza kusikia mazungumzo ya mtandaoni tu. Hakikisha kushoto na kulia hazijageuzwa, maana redio na simu zinazolia utazitafuta kwa sikio. Washa maandishi ya chini ya skrini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Wanakijiji wanasemeana kwa lafudhi ya kwao, wakati mwingine kwa kunong'ona, na hawarudii.

4. Mwendo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kijiti cha kushoto pekee kinakupa mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Shikilia R2, kitufe cha mbele ya pedi upande wa kulia, na usiiachie. Kasi haiji papo hapo. Inapanda kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa, ndiyo maana anayebonyeza na kuachia hudhani kitufe hakifanyi kazi. Itumie barabarani na mashambani. Ukiingia uani au ndani ya nyumba, iachie.

5. Fuata mwanga, lakini usiwe mtumwa wake

Utaona mpira wa mwanga unaoelea na kukutangulia. Kila eneo limejengwa kumzunguka mtu mmoja: Jeremy padri, kisha Wendy, Frank, Lizzie na Stephen. Mwanga unakupeleka kwenye matukio makuu, ila vyumba, bustani na vibanda vya simu vya kando hautakuonyesha vyote. Kila unapofika njia panda, kagua kwanza upande ambao mwanga haukwenda, kisha rudi. Jaribu kila mlango. Mingi imefungwa na itabaki hivyo, usipoteze muda kutafuta funguo. X ndiyo ya kufungua na kuwasha.

Ukikuta mwanga umetulia mahali pamoja ukitetemeka, simama mbele yake na uinamishe pedi taratibu. Usitikise kama unapepeta mchele. Pita pole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukisikia sauti inakolea, kaa hapo hapo hadi mwanga ufunguke. Mwanga ukigoma, rudisha pedi sawa na uanze upya.

6. Andika ukoo

Daftari la kurasa mbili linatosha. Watu utawaona kama maumbo ya mwanga, sura hazionekani, kwa hiyo andika jina, sauti, na uhusiano. Anza na hawa: Wendy ni mama yake Stephen. Frank ni kaka yake Wendy, kwa hiyo andika "mjomba", usiandike "uncle", kwani neno hilo halikuambii ni upande wa mama au wa baba, na katika hadithi hii upande una uzito. Kate ni mke wa Stephen, mgeni kijijini, na sauti yake ndiyo utakayoisikia kwenye redio nyingi. Lizzie alimpenda Stephen kabla ya Kate. Mengine yaache yajitokeze.

7. Kugawa muda

Lote ni kati ya saa nne na sita. Maeneo mawili kwa usiku mmoja yanatosha. Ukivuka hapo unaanza kuchanganya sauti. Zima mara baada ya tukio la mwanga kufunguka, usizime katikati ya matembezi. Ukiwa na mwenzako, mmoja ashike pedi na mwingine daftari, mpokezane kila eneo likiisha, na yeyote aliyekwisha kulimaliza akae mbali na chumba.