Kabla Hujakubali Leza kwa Mtoto wa Jicho

Jua kwanza unacholipia. Leza haiyeyushi mtoto wa jicho, yaani ukungu ulioingia kwenye lenzi ya jicho. Kazi yake ni kukata tu: inachana njia ndogo pembezoni mwa konea (kioo cha mbele cha jicho), inakata duara la milimita 5 hivi kwenye utando wa mbele wa lenzi, kisha inaichanja lenzi vipande. Baada ya hapo daktari anaingia na vifaa vyake kama siku zote, anamalizia kuvunja vipande kwa ultrasaundi (mawimbi ya sauti), anavifyonza na kuweka lenzi bandia. Anayekuambia "hakuna kisu, ni mwanga tu" amekupa nusu ya habari.

Usidhani pia kwamba kipya lazima kiwe bora. Kuvunja mtoto wa jicho kwa ultrasaundi kulianza na daktari Charles Kelman mwaka 1967. Leza hii ilitumika kwa mgonjwa mara ya kwanza Budapest, Hungaria, mwaka 2008. Majaribio mawili makubwa, la Uingereza na la Ufaransa, yalitoa matokeo mwaka 2020, na kwa mgonjwa wa kawaida uonaji haukutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: jicho langu lina nini kinachohitaji leza? Jibu lenye uzito litataja kitu mahususi, kwa mfano lenzi iliyokomaa ikawa ngumu, au seli za nyuma ya konea zilizopungua, ambapo ultrasaundi kidogo ni nafuu. Akikujibu kwamba "ni ya kisasa", uliza tena.

Kuna macho ambayo leza haiyafai, au huyafaa nusu tu. Konea yenye kovu huzuia mwanga. Lenzi iliyokuwa nyeupe pepe hukatwa utando tu, vipande havichanjiki. Mashine hujishika kwenye jicho kwa kufyonza, na presha ya ndani hupanda kwa muda huo. Mwenye glakoma (presha ya jicho) ajitaje mapema, hasa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wake. Asiyeweza kulala chali akatulia, kwa kikohozi, mtetemeko au mgongo, naye aseme. Damu nyekundu kwenye weupe wa jicho baada ya kufyonzwa hutisha kwenye kioo, lakini huisha yenyewe.

Sasa linalowaponza wengi: dawa ya tezi dume. Mzee anaulizwa, "Unatumia dawa gani?" Anataja ya presha, anataja ya kisukari. Tamsulosin, hiyo ya tezi dume, haitaji, kwa sababu ni mambo ya mkojo, yanahusianaje na jicho? Yanahusiana sana. Dawa hiyo hulegeza misuli ya njia ya mkojo, na hulegeza vilevile misuli ya airisi, ile pete yenye rangi inayozunguka mboni. Ndani ya upasuaji airisi hiyo hupepea kama kitambaa kwenye maji, huchomoza kwenye tundu la konea, na mboni husinyaa kila dakika inapopita. Leza huongeza shida juu ya shida, maana miale yake yenyewe huamsha kemikali zinazoibana mboni. Mboni ikishabana, daktari anafanya kazi kama mtu anayefagia chumba kupitia tundu la ufunguo. Hapo ndipo kifuko cha lenzi, utando unaoizunguka, huchanika.

Kuacha dawa wiki moja kabla hakutoshi, kwani athari yake hubaki hata baada ya muda mrefu, tena kuiacha kiholela kunaweza kukufungia mkojo. Cha kufanya ni kusema, hata kama uliitumia zamani, hata kama wewe ni mwanamke uliyepewa kwa ajili ya mawe ya figo. Daktari akijua mapema ataandaa sindano ya kutanua mboni, ndoano ndogo au pete ya kuishikilia, na huenda akakuambia leza tuiache. Wewe unayepewa matone ya kuzuia uvimbe kabla ya siku yenyewe, usiruke hata tone: yanasaidia kuiweka mboni wazi. Beba dawa zako zote na maboksi yake. Usizitaje kwa rangi.

Vipimo vya lenzi bandia vina uzito kuliko leza yenyewe. Lenzi za kuvaa juu ya jicho hubadili umbo la konea, kwa hiyo laini ziache wiki 1 hadi 2 kabla ya kupimwa, ngumu wiki 3 au zaidi. Macho makavu yatibiwe kwanza. Kama uliwahi kurekebishwa macho kwa leza, leta karatasi za vipimo vya kabla, la sivyo hesabu itakwenda upande.

Astigmatizimu (konea isiyopinda sawa pande zote) ikiwa ndogo yaweza kupunguzwa kwa michanjo ya leza. Kubwa inataka lenzi ya toriki, lenzi bandia iliyotengenezwa kuisahihisha, na hiyo ikigeuka nyuzi 30 faida yake imekwisha. Dai orodha inayotenganisha gharama ya leza na ya lenzi.

Utando ulio nyuma ya lenzi bandia ukija kupata ukungu miezi au miaka baadaye, utasafishwa kwa leza nyingine kabisa, ya dakika chache, hata kama ulipasuliwa bila leza. Mengine unayajua: mtu wa kukurudisha nyumbani, mikono safi, usisugue jicho. Maumivu yanayozidi, uonaji unaoshuka au vimulimuli, rudi siku hiyohiyo, usingoje miadi.