Viazi mviringo vinanyauka: jinsi ya kumjua bakteria aliyevishambulia

Juzi nilikuwa Manyovu, wilayani Buhigwe, kwa mama mmoja ambaye viazi vyake vilikuwa vinanyauka vikiwa bado kijani. Alishapiga dawa ya ukungu mara tatu. Dawa hiyo haiui bakteria, na pesa ile iliniuma kama yangu.

1. Soma dalili. Shina jeusi, laini, linalooza kuanzia chini na kunuka: Pectobacterium au Dickeya. Magaga kwenye ganda la kiazi: Streptomyces. Mmea unanyauka ghafla bila majani kugeuka njano: shuku Ralstonia, yaani mnyauko bakteria.

2. Pima kwa glasi. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipoanza kazi, kwa hiyo nenda polepole. Ng'oa mmea ulioanza kunyauka leo. Uliokwisha kukauka haukuambii kitu. Kata kipande cha shina chenye urefu wa kidole, karibu kabisa na udongo, kisha kifute. Tumia glasi ya kioo, si kikombe cha plastiki kilichopauka. Jaza maji safi, yaache yatulie. Kining'inize kipande kwa uzi, ncha ya chini iguse maji tu. Mimi nilikuwa nakizamisha chote na kukitikisatikisa, maji yanachafuka, naandika "hakuna ugonjwa". Usiguse glasi! Weka kitambaa cheusi nyuma yake. Kama ni Ralstonia, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka wima kutoka kwenye shina. Mnyauko wa Fusarium, ambao ni kuvu, hautoi nyuzi hizo. Rudia kwa mashina matatu kabla ya kusema hakuna. Maji hayo usiyamwage shambani, na kisu kioshe kwa klorini.

Kata na kiazi pia: utaona pete ya kahawia, ukikibonyeza kinatoa ute mweupe. Mara nyingi udongo hunata kwenye macho ya kiazi kwa sababu ya ute huo.

3. Otesha bakteria huyo maabara. Napendelea TZC, chakula cha kukuzia bakteria alichokieleza mtafiti Kelman mwaka 1954. Tafuta makoloni ya majimaji, meupe, yenye waridi katikati.

4. Mpe jina. Mfumo wa zamani wa biova, yaani kumpanga bakteria kwa sukari anazotumia, siutumii, kwa sababu biova moja inabeba koo tofauti. Tumia PCR (kipimo kinachonakili vipande vya DNA) ya filotipu, yaani matawi makuu ya ukoo wake: bendi ya DNA yenye urefu wa jozi besi 280 ni ya kundi zima la Ralstonia hawa, 372 ni filotipu II. Tangu 2014 kundi limegawanywa spishi tatu: filotipu I na III ni Ralstonia (R.) pseudosolanacearum, II ni R. solanacearum, IV ni R. syzygii. Ukipata IIB (tawi la filotipu II), sekweva ya 1 (kikundi kidogo ndani yake), shuku mbegu kwanza: huyo anavumilia baridi ya milimani, na hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima.

Kwa yule mama nyuzi zilishuka ndani ya dakika tatu. Viazi alivyotenga kwa mbegu vilikuwa vizuri kwa macho, lakini hatapanda hata kimoja. Msimu ujao shamba lile linapandwa mahindi.