Pasha joto kalibu, si resini peke yake

Anayeingiza resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda, kwenye vitambaa vya faibaglasi vilivyotandazwa juu ya kalibu, kwa nguvu ya ombwe, hujua kwamba resini baridi ni nzito na hutambaa polepole, kwa hiyo wazo la kwanza linalomjia ni kuipasha joto ndooni. Tafadhali usiishie hapo. Resini ikishaingia kwenye tabaka nyembamba za kitambaa hufuata upesi halijoto ya kalibu, na kama kalibu ina nyuzi 15 za Selsiasi, wepesi ulioupata ndooni hupotea kabla resini haijafika mbali, huku ile iliyobaki, ikiwa ya moto na imekwisha kuchanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha), ikizidi kukaribia kuganda.

Mimi huacha kalibu, vitambaa na resini usiku kucha katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 25, kisha hupima joto kwenye uso wenyewe wa kalibu, kwa kuwa hewa ya chumba hudanganya. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wa kufanyia kazi resini kabla haijaganda kwa takriban nusu. Ndiyo maana huchanganya kidogo kidogo, katika chombo kipana na kifupi. Resini nyingi iliyorundikana kwenye ndoo hujipasha yenyewe, hutoa moshi, na huweza hata kuyeyusha ndoo. Ukigusa ubavu wa chombo kwa mkono wenye glavu ukahisi joto linapanda, bana mpira wa kuingizia resini, uhamishie kwenye mchanganyiko mpya, kisha ufungue tena.