Kompyuta ya gemu imechoka: pima kwanza, ndipo uagize

Ukifungua kompyuta ya gemu iliyochoka hapa Tabora, mara nyingi unakuta mashine ya ofisi ya mtumba: Dell OptiPlex au HP, prosesa i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka na kadi ya picha iliyochomekwa baadaye. Gemu zikianza kukwama, wengi hukimbilia kadi mpya. Inaagizwa Kariakoo, inapanda basi, ikifika haiingii kwenye kasha au pawa saplai haiiwezi, na muuzaji wa mtumba hataki kusikia habari za kurudisha hela.

Anza na visivyo na gharama. Angalia waya wa skrini umechomekwa wapi: ukiwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kadi yako imekaa bure na gemu inaendeshwa na uwezo wa picha ulio ndani ya prosesa. Hili hutokea zaidi kuliko watu wanavyokubali. Kisha zima, chomoa umeme, fungua ubavu. Vumbi la kiangazi hujibana kwenye kipoza joto chini ya feni, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Puliza kwa bloa huku umeishika feni kwa kidole. Ukiiacha izungushwe na upepo ule, beringi inakufa. Pesti ya prosesa (inayopitisha joto kwenda kwenye kipoza) ikiwa imekauka na kuwa ngumu, ifute kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje ya choroko.

Sasa pima, tena mchana wa joto, si usiku. Zima V-Sync (mpangilio unaofunga idadi ya fremu, yaani picha kwa sekunde), washa HWiNFO (programu ya kusoma joto na mzigo wa vifaa), cheza gemu ileile inayokusumbua kwa dakika 15. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 itajipunguza kasi yenyewe, na hapo dawa ni upepo, si kununua kifaa. Kama joto ni la kawaida, shusha picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 bila kugusa kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki palepale, kadi mpya haitakusaidia kitu. Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa: gemu inaweza kuzibana kori mbili (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) hadi mwisho huku jumla ikisoma 60. Iamini zaidi asilimia ya matumizi ya kadi. Ikikaa kwenye 95 hadi 99, kadi inatoa yote iliyo nayo. Ikiyumba kwenye 50, kuna kinachoichelewesha.

Gemu inayoganda sekunde moja moja huku RAM imejaa na diski ikisoma asilimia 100 inataka RAM ya GB 16, vijiti viwili vya 8 ili vifanye kazi sambamba. Soma kibandiko kwanza, maana RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. SSD ya SATA (diski isiyozunguka) haiongezi fremu, ila inafupisha kusubiri na kupunguza kule kuganda kwenye gemu zenye ramani kubwa.

Kadi ndipo hela nyingi hupotelea, kwa sababu ya umeme. OptiPlex 9020 ya kasha jembamba ina pawa saplai ya wati 255, na plagi yake ya mazabodi ni ya pini 8 za Dell wenyewe, si ile ya kawaida ya pini 24. Humo weka kadi isiyozidi wati 75, inayokula umeme wa nafasi ya PCIe (inapochomekwa kadi kwenye mazabodi) peke yake: GTX 1050 Ti au GTX 1650. Zote mbili zina matoleo yenye plagi ya pini 6 na yasiyo nayo, kwa hiyo omba picha ya ukingo wa kadi, na uhakikishe ni ya kimo kifupi. RX 6400 inavutia kwa wati 53 zake, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe, na kwenye mazabodi za zamani inapoteza nguvu. 1050 Ti ya bei ya kutupwa itilie shaka: zipo kadi kuukuu zilizobadilishwa BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kifaa) ili zijiite hivyo. Mwambie muuzaji afungue GPU-Z (programu ya kutambua kadi) na akutumie video kabla hujatuma hela. Ikiigundua, programu huandika FAKE mwanzoni mwa jina.

Prosesa ikiwa ndiyo tatizo, kwenye soketi 1150 (ya hizo i5 za kizazi cha 4) mwisho wa maana ni i7-4770 au 4790. Zaidi ya hapo unabadili mazabodi, RAM na prosesa kwa pamoja. Mwenye mazabodi ya soketi AM4 ya AMD yuko pazuri: Ryzen 5 1600 inatoka, 5600 inaingia, mradi toleo jipya la BIOS la mazabodi yake linaitambua. Lipakie huku prosesa ya zamani ingali ndani, na UPS yenye betri nzima iwe pembeni. Umeme ukikatika katikati, mazabodi huenda isiwake tena.

Jambo moja la kuamua nalo: Windows 10 iliishiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha 4 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11. Kwenye mashine hiyo, tanguliza SSD na kadi, kwani vitahamia kompyuta ijayo. DDR3 na i7 zitabaki humo humo, kwa hiyo zinunue tu zikiwa za bei ya chini kweli.