Jinsi ya kupima ini, bandama na figo za mtoto kwa altrasaundi

Kabla hujashika probu (kile kifaa cha mashine unachopitisha juu ya ngozi) mpime mtoto urefu na uzito, uandike kwenye fomu kabisa. Wengi tunakimbilia umri tu, ila kinachoendana zaidi na ukubwa wa viungo hivi ni urefu wa mtoto, unaweza kukuta wawili wote wana miaka 6 na mmoja kampita mwenzie kichwa kizima, sasa utawapimia kwa chati ileile?

Jeli ipashe moto kidogo. Sio mapambo, jeli ya baridi ikigusa tumbo la mtoto mdogo ndo basi tena, atalia, na kila akivuta pumzi ini linapanda na kushuka. Akitaka kupakatwa na mzazi wake, mwache apakatwe. Kichanga tumia probu ya masafa ya juu, mkubwa ile ya tumbo ya 3.5 mpaka 5 MHz inatosha.

Figo ndo zenye kazi. Ikamate kwa urefu wake halafu zungusha probu taratibu sana mpaka ncha zote mbili zionekane vizuri na ule weupe wa katikati ukae katikati kweli. Ncha moja ikififia jua umekata mshazari, na figo itatoka fupi kuliko ilivyo. Simamisha picha, pima ncha hadi ncha, rudia mara tatu hivi, mimi nachukua ile ndefu maana ukikata vibaya mara nyingi unapunguza, huongezi. Kwa aliyevuka mwaka mmoja kuna hesabu ya haraka, 6.79 + (0.22 × umri kwa miaka) inakupa sentimita, kwahiyo wa miaka 5 anacheza kwenye 7.9, na huo ni wastani tu, akipungua au kuzidi kidogo usimtishe mzazi. Ya kushoto huwa ndefu kidogo. Zikipishana zaidi ya sm 1, pima upya kwanza ndo uanze kuwaza ugonjwa.

Bandama pitia ubavu wa kushoto katikati ya mbavu, hakikisha pale mishipa inapoingilia panaonekana, ndo upime kutoka juu hadi chini. Mwisho wa kawaida ni kama sm 7 kwa mwaka 1, sm 9 kwa miaka 4, sm 11 kwa miaka 10, na kuanzia miaka 15 wasichana sm 12, wavulana 13.

Ini shuka na mstari wa katikati ya mtulinga wa kulia, pima toka chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) mpaka ukingo wa chini wa ini. Usiamini mkono peke yake, mapafu yakijaa hewa yanalisukuma ini chini, ukilipapasa unadhani limevimba kumbe saizi yake ni ya kawaida. Na wengine wana kiulimi kirefu cha ini kulia, wamezaliwa nacho tu.

Kwenye ripoti weka urefu wa mtoto, mstari uliopimia, na chati uliyotumia, ili akirudi baada ya miezi 6 atakayempima apite palepale.