Ukialikwa siku ya wazi ya mazoezi ya lua

Lua, kwa jina lake kamili Kapu Kuʻialua, ni sanaa ya kupigana ya Wahawaii wenyeji: kutegua viungo, kuvunja mifupa, kukaba, kumbwaga mtu chini, na silaha za mbao na meno ya papa. Si lazima uwe Honolulu ndipo uikute. Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kwamba Wahawaii wenyeji wanaoishi Marekani bara wamewazidi walioko visiwani, na Las Vegas imezoeleka kuitwa kisiwa cha tisa, kana kwamba imeongezwa kwenye visiwa vikuu vinane vya Hawaii. Kwa hiyo Mtanzania wa California au Mkenya wa Seattle anaweza kuambiwa na mfanyakazi mwenzake: Jumamosi tuna mazoezi ya wazi, karibu.

Nenda, ila ujue unaingia kwa nani. Zamani lua ilifundishwa kwa siri, na Kamehameha wa Kwanza, aliyeviunganisha visiwa, alifundwa vita na shujaa Kekūhaupiʻo. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa 1893, na 1896 sheria ikakiondoa Kihawaii katika kufundishia shuleni. Elimu ya lua ikabaki kwa wazee wachache, na wanaoifundisha leo wanaihesabu kuwa amana. Ndiyo maana vipo vikundi visivyopokea wageni kabisa. Ukikataliwa, usinune.

La kwanza la kupanga ni bima ya afya. Huu ni mchezo wa kushikana na kutegua viungo, na kulazwa Marekani bila bima kunaweza kukuachia deni la maelfu ya dola. Ukipewa fomu inayosema hutawadai ukiumia, isome yote kabla ya kusaini. Vaa fulana na suruali nyepesi, kata kucha, vua pete, saa na hereni.

La imani linataka muda zaidi. Mazoezi mara nyingi hufunguliwa kwa oli, wimbo wa kuomba idhini au kuwakumbuka wahenga, na katika baadhi ya vikundi hutajwa miungu ya kale kama Kū. Mwislamu au Mlokole amuulize mwenyeji wake siku kadhaa kabla, kwa upole: nisimame wapi wakati huo? Kwa maoni yangu, kusimama kimya nyuma, simu mfukoni, ni heshima tosha. Kuitikia usichokiamini si lazima. Halafu kuna honi, salamu ya kugusanisha paji la uso na pua huku mkivuta pumzi pamoja. Kama hugusani na wasio maharimu, sema mapema, weka mkono kifuani na uinamishe kichwa. Omba pia mwenza wa jinsia yako katika mazoezi ya kushikana.

Usitarajie kufundishwa kuvunja mifupa siku hiyo. Mgeni huanzia kwenye miguu: magoti yakunjwe, kiuno kishuke, uzito usambae. Aliyewahi kuona kirumbizi Lamu hatashangaa kuona ngoma na vita vikienda pamoja, kwa sababu kuna haʻa, ngoma ya magoti yaliyokunjwa inayojenga mwili huohuo wa mpiganaji. Kisha huja mishiko. Mwenzako anakukamata kifundo cha mkono. Unauzungusha kuelekea kwenye kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Mashujaa wa kale waliondoa nywele mwilini na kujipaka mafuta ili wasishikike. Uliza tangu mwanzo ishara ya kusimamisha ni ipi, na uitoe kiungo kinapoanza kukaza, usingoje kiume.

Ukiona leiomano, rungu bapa la mbao lililofungwa meno ya papa ukingoni, usiliguse mpaka upewe, wala usiruke silaha yoyote iliyolazwa chini. Wazee waite Uncle na Aunty kama wenyeji wanavyofanya. Mwalimu ni kumu.

Usiende mikono mitupu. Matunda au mandazi ya kutosha watu wote yatapokelewa vizuri, na baada ya kula baki ukunje mikeka na kufagia. Video usirushe mtandaoni bila ruhusa ya kumu mwenyewe, hata kama wengine wanarekodi. Ukitaka kuendelea, mfuate kumu pembeni watu wakishatawanyika, umweleze wewe ni nani, umetoka wapi na kwa nini unataka kujifunza. Akikwambia uje kwanza kusaidia kazi za kikundi, nenda ukafanye kazi.