Homoni na Vipokezi Vyake: Anza na Mafuta na Maji

Wanafunzi wengi hukariri majina ya homoni kama vituo vya daladala, kisha hukwama wanapoulizwa kwa nini insulini hudungwa kwa sindano ilhali vidonge vya uzazi wa mpango humezwa. Kikundi chetu cha Mwanza kitapita njia nyingine.

Hatua ya kwanza: tambua homoni imeundwa kutokana na nini. Steroidi, kama vile kotisoli, testosteroni na estrojeni, hutokana na kolesteroli. Peptidi na protini ni minyororo ya asidi amino, na insulini inazo 51. Kundi la tatu, kama vile adrenalini, hutokana na asidi amino moja, tirosini. Hilo lina mtego wake.

Hatua ya pili: uliza kama inayeyuka katika mafuta au katika maji. Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, kwa hiyo steroidi hupenya, bali insulini na adrenalini hubaki nje.

Hatua ya tatu: kitafute kipokezi, yaani protini ya seli inayoipokea homoni. Steroidi hukutana na kipokezi chake ndani ya seli, vikashikamana na DNA, na jeni zikawashwa au kuzimwa. Kwa kuwa protini mpya lazima itengenezwe kwanza, matokeo huchukua saa au hata siku. Adrenalini haina subira hiyo. Mtu anayeteka maji ziwani akimwona kiboko, moyo humwenda mbio mara moja, kwa sababu kipokezi kilicho juu ya utando hubadili umbo, huamsha protini G iliyo upande wa ndani wa utando, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, yaani mjumbe wa pili anayepeleka ujumbe ndani ya seli, aliyempatia mwanasayansi Earl Sutherland Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Kila ngazi huzidisha ujumbe, hivyo homoni kidogo sana hutosha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyegezi: Mwalimu, thairoksini, homoni ya tezi ya shingoni, hutokana na tirosini kama adrenalini. Mbona kipokezi chake kimo katika kiini cha seli?

Jibu: Huo ndio mtego. Thairoksini haipatani na maji. Husafirishwa katika damu ikiwa imeshikwa na protini, huvushwa utando na wabebaji maalumu, kisha hutenda kazi kwenye jeni kama steroidi. Asili pekee haitoshi kuipanga.

Mfugaji wa vizimba, Ilemela: Shikamoo mwalimu. Vifaranga vya sato hulishwa homoni ili wawe madume. Mbona haiharibiki tumboni kama insulini?

Jibu: Marahaba. Hiyo ni methiltestosteroni, ambayo ni steroidi, kama homoni za vidonge vya uzazi wa mpango. Vimeng'enya vya tumboni vinavyokata protini kama insulini haviigusi, na kile kipande cha methili kilichoongezwa huchelewesha ini kuivunja. Hutolewa katika wiki za mwanzo tu, kabla jinsia ya kifaranga haijaamuliwa, akishakomaa, umechelewa.

Mwanachama wa Igoma: Adrenalini ni moja. Inawezaje kubana mishipa ya ngozi na kutanua ile ya misuli?

Jibu: Vipokezi havifanani. Katika mishipa ya ngozi vimetawala vya alfa, ambavyo hubana. Katika misuli vipo kwa wingi vya beta, ambavyo hulegeza. Homoni hubisha hodi tu. Kinachofuata huamuliwa na mwenye nyumba.